Uzi: Kijerumani na Kifaransa sekondari. Pitia Kiswahili, usipitie Kiingereza

DaftariLaKijani (mleta mada)

Salaam aleikum, na hamjambo nyote. Uzi huu ni wa walimu, wanafunzi na wazazi wanaohangaika na Kifaransa au Kijerumani katika sekondari zetu za Mombasa. Nina hoja moja nami nitaitetea: mwanafunzi wa Pwani akivuka moja kwa moja kutoka Kiswahili, safari ni fupi kuliko akizunguka kupitia Kiingereza. Vitabu vingi tulivyo navyo vinaeleza kwa Kiingereza na mwalimu naye anaeleza kwa Kiingereza. Ndiyo maana makosa mengi yanayorudi kila mtihani yametoka huko.

Tazama hili. Mwanafunzi anaandika *Je suis faim*, au *Je suis 15 ans*. Mwambie aseme kwanza kwa Kiswahili: nina njaa, nina miaka 15. Kifaransa ni hivyo hivyo: *J'ai faim, j'ai 15 ans*. Nina kiu: *j'ai soif*. Nina haja ya kalamu: *j'ai besoin d'un stylo*. Kijerumani nacho: *Ich habe Hunger, ich habe Durst, ich habe Zeit*. Hakuna sheria ya kukariri hapo. Sheria anayo tangu utotoni.

Kuna jambo kubwa zaidi, kiwakilishi cha mtendwa. Ninamwona: ni-na-mw-ona. Huyo "mw" amekaa kati ya mtenda na kitenzi. Kifaransa kinamweka papo hapo: *je le vois*. Nakupenda: *je t'aime*. Nataka kumwona: *je veux le voir*, yaani "ku-mw-ona" kwa mpangilio ule ule. Nilimwona: *je l'ai vu*. Mwanafunzi anayepanga sentensi kwa Kiingereza anaandika *je vois le*, kisha anasahihishwa mara ishirini bila kuelewa. Mwandikie ubaoni ni-na-mw-ona, umpigie mstari chini ya "mw", na mambo mengi yatanyooka ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40.

Pahali pamoja njia zinaachana: amri. Sisi twasema "nipe", Kifaransa kinasema *donne-moi*, kiwakilishi kimerudi nyuma. Lakini katika kukataza kinarejea mbele: usinipe, *ne me donne pas*.

Ukanushaji pia. Si-som-i: kitenzi kimebanwa pande mbili. *Je ne lis pas*: vilevile. Anayesahau *pas* mwambie amesema "sisom" akaacha "i" ikianguka.

Na kimilikishi: gari lake, mkoba wake, kitabu chake. "-ake" inafuata kitu, haijali mwenyewe ni Fatma au Juma. *Sa voiture, son sac*: kanuni ile ile. Swali la "je, ni la mwanamke au la mwanamume?" linaletwa na Kiingereza, na Kifaransa hakina haja nalo. Pa kuangalia ni pamoja tu: mbele ya irabu *sa* hugeuka *son*, kwa hivyo *son amie* hata kama rafiki ni msichana.

Karibuni. Walimu wa Kijerumani najua mna lenu la kusema.

Ngalawa78

Tunalo, maalim. Nakubaliana nawe kwa Kifaransa, lakini Kijerumani kinataka tahadhari, maana daraja lako pengine linamtupa mtu majini.

Umri, kwa mfano. "Nina miaka 16" si *ich habe 16 Jahre*. Ni *ich bin 16 Jahre alt*, au *ich bin 16* peke yake. Anayesoma lugha zote mbili hukosea hapo kila mara, kwa kuwa Kifaransa kimemzoeza *j'ai*.

Kimilikishi nacho: Kijerumani kinatazama pande zote mbili. *Sein* au *ihr* inaamuliwa na mwenye kitu, kisha mwisho wa neno unafuata kitu. *Seine Tasche* ni mkoba wa Juma, *ihre Tasche* ni mkoba wa Fatma, *ihr Buch* ni kitabu cha Fatma. Mwanafunzi ajiulize mara mbili: cha nani, na ni kitu gani?

Halafu kuna kosa linalotoka kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi tuna "ji" moja kwa watu wote: najiosha, unajiosha, wanajiosha. Kwa hiyo mtoto anaandika *ich wasche sich* na *je se lave*. "Ji" haibadiliki, lakini *mich, dich, sich* na *me, te, se* hubadilika. Hili lifundishwe siku ya kwanza ya vitenzi hivi, kabla halijaota mizizi.

Saa ndiyo inayoua kabisa katika kusikiliza. *Die Fähre fährt um halb acht.* Mwanafunzi anasikia "nusu" na "nane", anaandika 8:30. *Halb acht* ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30. Kisha kwa Kiswahili 7:30 asubuhi ni saa moja na nusu. Amerukaruka mara mbili na sauti imeshapita. Dawa ni kuchora saa ya mishale, kuandika *acht* juu ya 8, na kutembeza mshale mrefu kutoka saba kwenda nane: ukifika katikati, umefika nusu ya nane. Fanya nyakati kumi tofauti kila wiki kwa dakika tano, basi.

DaftariLaKijani

Shukran, Ngalawa. La *ji* nalichukua kama lilivyo.

Kwenye saa niongeze kwamba Kifaransa kinatupendelea tena. Saa mbili kasorobo ni *huit heures moins le quart*, neno kwa neno "kasoro robo". Saa moja na nusu ni *sept heures et demie*, "na nusu". Ongeza sita kwa saa yetu, mengine yote yanabaki. Anayesoma Kijerumani nacho kina *Viertel vor acht* na *Viertel nach acht*, hizo ni nyepesi. Ni *halb* tu.

Mama_wa_Tudor

Samahanini waalimu, nawauliza kwa niaba ya wazazi. Shule inataka mtoto achague moja. Ipi ina manufaa zaidi kwa mtu wa Mombasa? Na huyu wangu anaingia sekondari ya juu ya mfumo mpya, si ule wa zamani wa 8-4-4.

Mwalimu_Bandarini

Dada, tazama anataka kwenda wapi. Kifaransa kina kazi nyingi zinazopitia hapa hapa: shehena za Kongo na Burundi zinateremka bandari ya Mombasa, na makarani wanaosoma nyaraka za Kifaransa bila kutafsiriwa wanahitajika katika uwakala wa mizigo. Pia Ngazija ni jirani yetu, na Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi za Komoro. Kijerumani kina hoteli za Diani, Nyali na Bamburi, na sasa kazi za ng'ambo: Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi Berlin mnamo Septemba 2024. Lakini usidanganywe na anayekwambia A1, ngazi ya chini kabisa ya lugha, inatosha; juu yake ziko A2, B1 na B2. Mafunzo ya kazi kule kwa kawaida yanataka B1, na uuguzi B2. Sekondari nzima ikifundishwa vizuri inamfikisha A2, pengine anaugusa B1.

Kwa mfumo mpya, lugha za kigeni ziko katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Kabla ya kuchagua, uliza shule kama ina mwalimu wa somo hilo kwa miaka yote mitatu. Kubadilisha lugha njiani ni kuanza upya.

Wa 8-4-4 waliobaki, ambao kundi la mwisho linafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2027, wana karatasi tatu: ya kusikiliza na kuandika, ya kusoma na sarufi, na ya mazungumzo.

Wa_Kibokoni

Mbona hamjasema kuhusu matamshi? Hapo ndipo mtu wa Mombasa ana mali asiyoijua.

R ya Kifaransa ni "gh" yetu. Ghali, ghafla, lugha, ghorofa. Yeyote anayetamka "ghali" sawasawa, bila kuigeuza "gali", tayari ana r ya *rue*, *Paris*, *merci*. Mwanzo wa neno na kati ya irabu ni gh. Ikifuata p, t au k, hukauka ikakaribia "kh": *très*, *train*, *prix*. Na "kh" ya kheri na khofu ndiyo *ch* ya Kijerumani katika *Buch, acht, Nacht*. Wanafunzi wa bara huhangaika nayo, wetu wanaitamka tangu madrasa.

Iliyo ngumu ni *ch* ya *ich*. Hii si kh, wala si sh. Weka ulimi kama unasema "yi", kisha zima sauti uache pumzi tu ipite. Wakisema "ish", *Kirche* (kanisa) inakuwa *Kirsche* (cheri). Hizo mbili ziandike ubaoni ukutani, usome moja, wao waelekeze ni ipi.

Ü ya Kijerumani na *u* ya Kifaransa ni sauti moja: sema "i", ushikilie, kisha peleka midomo mbele kama wa "u" bila kusogeza ulimi. Kosa la kawaida ni ulimi kurudi nyuma pamoja na midomo, ikatoka "u" tupu. Ukisema *tout* badala ya *tu*, *roue* badala ya *rue*, maana imepotea. Ö ni vivyo hivyo, lakini anzia "e". *Schon* ni "tayari", *schön* ni "nzuri".

Irabu za puani za Kifaransa ndizo zinazotuonyesha sisi Waswahili, kwa sababu tuna "mb", "nd", "ng" na ulimi unapenda kufunga. *Bon* inakuwa "boni" au "bong". Hakuna n hapo. Mdomo unabaki wazi hadi mwisho, ncha ya ulimi iko chini nyuma ya meno ya chini. Jaribio lake: baada ya *bon*, bila kusogeza chochote, je, unaweza kuvuta pumzi kwa mdomo? Kama mdomo umefungika, umeweka n. Sentensi ya mazoezi iliyozoeleka inataja divai, lakini *un bon pain blanc*, mkate mzuri mweupe, ina sauti zote nne na hakuna mzazi atakayenung'unika.

Na Kijerumani mwisho wa neno hukauka: *Tag* ni "taak", *und* ni "unt". W ni v, V mara nyingi ni f, Z ni "ts". Sisi tumezoea herufi moja sauti moja, kwa hiyo *Wasser* husomwa kwa w ya "wali". *Ei* ni "ai", *ie* ni "ii". Hilo likiwekwa wiki ya kwanza, kusoma kwa sauti kunakuwa kwepesi kwa Kijerumani kuliko Kifaransa.

Ngalawa78

Wa_Kibokoni umenena. Niongeze la madrasa: tarakimu. *Einundzwanzig* ni "moja na ishirini", na wengi wanalia hapo. Lakini mtoto aliyejifunza kuhesabu kwa Kiarabu anaijua: wahid wa ishrin. Mkumbushe tu. Makosa huja akiandika tarakimu anazosikia: *vierundsiebzig*, anaandika 4 kisha 7, inakuwa 47. Mfundishe kuacha nafasi, aandike 4 upande wa kulia, kisha 7 kushoto kwake.

Kifaransa kina hesabu ya kujumlisha: 70 ni 60+10, 80 ni 4×20, 97 ni *quatre-vingt-dix-sept*. Kwenye imla ya namba za simu akisikia *quatre-vingt* asiandike 4. Angoje.

SemaNami_Likoni

Sawa, haya yote ni ubaoni. Ninyi mnafanya shughuli gani darasani lenye watoto 40 na vitabu 12? Kilabu cha lugha nacho kinaishia kuimba nyimbo mbili na kwenda nyumbani.

DaftariLaKijani

Swali zuri, na jibu si kutafuta vifaa. Nitaeleza moja kwa undani, imla ya mbio, maana kwa watu 40 hakuna inayoishinda.

Andika habari fupi ya maneno 60 hadi 70, kubwa, ya kiwango walichofika. Isiwe na maneno mapya zaidi ya manne. Toa nakala tano, uzibandike nje ya darasa, ukutani, mita nne tano toka kwa nyingine. Gawa makundi kumi ya watu wanne, makundi mawili kwa kila nakala. Mmoja anakimbia, anasoma sentensi, anarudi nayo kichwani, anamwambia mwandishi. Wawili waliobaki wanasikiliza na kuuliza neno linaandikwaje: *Comment ça s'écrit ?* au *Wie schreibt man das?* Baada ya kila sentensi, majukumu yanazunguka. Dakika 15 za kukimbia, 10 za kusahihisha kwa kubadilishana karatasi na makundi jirani.

Yanayoharibika ni haya. Habari ikiwa ndefu, wa mwisho hawakimbii hata mara moja na zamu inakufa. Nakala ikiwa moja, pana msongamano na wenye nguvu ndio wanaosoma. Wengine huandika kiganjani, basi peni zibaki ndani. Lakini kosa linalobomoa kabisa ni kutaja herufi kwa Kiingereza. Kanuni iwe moja: herufi zinatajwa kwa lugha ya somo. Kwa Kifaransa *g* ni "zhe" na *j* ni "zhi", na *i* hutajwa "i" tu, kwa hiyo aliyezoea Kiingereza huandika *e* kila anapoisikia. Kwa Kijerumani *j* ni "yot", *v* ni "fau", *w* ni "vee". Andika alfabeti nzima ubaoni kabla ya mbio. Na kwa Kijerumani hesabu kila nomino iliyokosa herufi kubwa kuwa kosa zima, siyo nusu, kwa kuwa mtihani hausamehe.

Bi_Msomi_Majengo

Nami nachangia kadi, maana bila kadi jinsia za nomino haziingii.

Nunua karatasi moja ya manila nyeupe. Ikate katikati, kila kipande katikati tena, mara sita: zinatoka kadi 64 zinazoenea kiganjani. Kijerumani: peni ya buluu kwa *der*, nyekundu kwa *die*, kijani kwa *das*. Kifaransa buluu na nyekundu tu. Upande mmoja neno kamili, na ukamilifu wake ni vitu vitatu: kibainishi (*der, die, das*), neno, wingi. *Der Tisch, die Tische.* Upande wa pili Kiswahili au mchoro. Asiyeandika wingi hajatengeneza kadi. Mbona hatukubali mtu ajue "kiti" asijue "viti"?

Na hapo ndipo hoja ya mleta mada inapopata nguvu. Mwanafunzi anauliza kwa nini meza ni *der* ilhali taa ni *die Lampe*. Muulize naye, kwa nini kisu ni ki-/vi- na panga ni li-/ya-? Hatafuti sababu, anajua inavyokwenda: kisu kikali, panga kali. Ngeli na jinsia ni kazi ile ile ya kupatanisha. Jifunze neno pamoja na upatanisho wake, usiulize.

Vidokezo vichache vinasaidia. Kijerumani: -ung, -heit, -keit, -schaft, -tät, -tion ni *die* daima. -chen na -lein ni *das*, hata *das Mädchen*, msichana. Kifaransa: -tion ni *la*, na -age kwa kawaida ni *le* (*le voyage, le village*), isipokuwa machache, na mojawapo tunaliona kila siku: *la plage*, ufuo.

Wanaosoma zote mbili wasichanganye kadi. Jua ni *die Sonne* lakini *le soleil*, mwezi ni *der Mond* lakini *la lune*. Zimegeuzwa kinyume kabisa. Vifuko viwili tofauti.

Kuzirudia: visanduku vitano, njia aliyoieleza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi zote zinaanza cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukijibu sawa inasonga mbele, ukikosea inarudi cha kwanza hata ikiwa ilifika cha tano. Cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu kwa wiki, cha nne kwa wiki mbili, cha tano kwa mwezi. Vibiriti vikubwa au maboksi ya viatu yaliyogawanywa yanatosha. Kadi mpya zisizidi kumi kwa siku. Anayeingiza hamsini Jumamosi anaacha Jumatatu.

Mwalimu_Bandarini

Kwa kilabu, tumieni mji. Fort Jesus iko pale. Kazi ya mwezi mmoja: kila kundi linaandaa ziara ya dakika tatu kwa mgeni, sentensi nane tu, kisha linaifanya pale pale ngomeni.

Sentensi ya kwanza kabisa inafundisha mengi: *Les Portugais ont construit le fort entre 1593 et 1596.* Kwa Kijerumani: *Die Portugiesen haben das Fort von 1593 bis 1596 gebaut.* Mwaka wenyewe ni mtihani: *mille cinq cent quatre-vingt-treize* na *fünfzehnhundertdreiundneunzig*. Na kuna ule mtego wa Kijerumani, kitenzi kimegawanyika, *haben* pahali pa pili na *gebaut* imeenda mwisho kabisa. Wakijaza katikati mambo mengi wanaisahau *gebaut*. Waandikishe mwisho kwanza, kisha wajaze katikati.

Sentensi ya tano iwe juu ya Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844: *Johann Ludwig Krapf ist 1844 nach Mombasa gekommen.* Hapo *ist*, si *hat*, kwa kuwa kitenzi ni cha mwendo. Wenye lugha zote mbili waangalie: kukimbia ni *ich bin gelaufen* lakini *j'ai couru*. Kwenda na kuja zinapatana, *ich bin gegangen, je suis allé*, na msichana anaandika *allée*.

Kila kundi liwe na mmoja anayecheza mgeni, mwenye maswali matatu ambayo wenzake hawajayaona. Bila hilo ni kukariri tu. Maswali yakiwa ya kweli, anajifunza kusema *Wie bitte? Können Sie das bitte wiederholen?* au *Vous pouvez répéter, s'il vous plaît ?*, na katika karatasi ya mazungumzo hayo ndiyo yanamwokoa. Kunyamaza kunapoteza alama, kuomba kurudiwa hakupotezi.

Na adabu: mgeni ni *Sie*, ni *vous*. Watoto wetu wamezoea "wewe" yenye heshima, shikamoo imeshatangulia, kwa hiyo *du* inawatoka bila nia mbaya. Mjerumani mtu mzima asiyemjua atashtuka.

SemaNami_Likoni

Na mpangilio wa sentensi Kijerumani? Huko Kiswahili hakinisaidii hata kidogo.

Ngalawa78

Kweli, huko hakisaidii, na ni bora kusema hivyo. "Leo naenda sokoni": *Heute gehe ich zum Markt*. Wanaandika *Heute ich gehe* kwa kuwa lugha nyingine wanazozijua zinaruhusu.

Fanya kwa miili yao. Watu watano mbele ya darasa, kila mmoja ameshika karatasi: *ich, gehe, heute, zum Markt, mit Ali*. Mwenye kitenzi amesimama kwenye alama ya chaki, nafasi ya pili, haruhusiwi kuhama. Wengine wahame watakavyo. Akihamia *heute* mbele, *ich* analazimika kuruka upande wa pili wa kitenzi. Baada ya mizunguko sita waingize *weil* (kwa sababu). Sasa kitenzi kinatembea hadi mwisho wa mstari: *weil ich heute mit Ali zum Markt gehe*. Kinachokosewa na walimu ni kuyafundisha yote mawili siku moja kwenye ubao. Siku ya kwanza nafasi ya pili, wiki ijayo *weil*.

Vitenzi vinavyogawanyika, kama *aufstehen* (kuamka), vitumieni karatasi mbili zilizounganishwa kwa kamba: *Ich stehe um sechs Uhr auf*. Kamba ionekane.

Mama_wa_Tudor

Na mitihani ya nje, ile ya vyeti? Shule ina orodha ya malipo lakini haielezi.

Bi_Msomi_Majengo

Mama, kwa Kifaransa ni DELF, na Alliance Française ipo hapa Mombasa, waulize tarehe. Sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza, kila moja alama 25. Kupita ni 50 kati ya 100, lakini akipata chini ya 5 katika sehemu yoyote, ameanguka hata kama jumla ni 80. Kwa hiyo asiache sehemu ya kuandika wazi. A2 inataka maandishi mawili ya maneno yasiyopungua 60 kila moja. Ahesabu, aandike idadi.

Kijerumani kwa vijana kina Fit in Deutsch, ngazi ya A1 na A2, ya Goethe-Institut. Kwa A2, kupita ni 60 kwa 100.

Barua ndipo alama za bure zinapoangukia. Kijerumani: *Liebe Fatma,* mkato, kisha mstari unaofuata unaanza kwa herufi ndogo, isipokuwa neno ni nomino. Mwisho *Viele Grüße* bila mkato wowote. Kifaransa: *Chère Fatma,* kwa msichana, *Cher Juma,* kwa mvulana, na kuna nafasi kabla ya alama za ? na !. Barua rasmi ni *Madame, Monsieur,* bila *Chers*.

Wa_Kibokoni

Kwa kusikiliza nyumbani, redio ya Ufaransa RFI wana habari za Kifaransa chepesi za dakika kumi, na Deutsche Welle ya Ujerumani wana habari zinazosomwa polepole zenye maandishi yake, pamoja na masomo ya bure. Mashirika yote mawili yana matangazo ya Kiswahili. Tumieni hivi: sikiliza kwanza habari za siku hiyo kwa Kiswahili, ndipo uende kwa Kifaransa au Kijerumani. Tayari unajua ni nani amekutana na nani, kilichobaki ni kuwatambua kwa sauti nyingine. Sikiliza kipande cha dakika mbili mara tatu: ya kwanza bila kuandika, ya pili andika majina na tarakimu, ya tatu vitenzi. Maandishi yafunguliwe baada ya hapo tu. Anayesoma huku akisikiliza tangu mwanzo anafanya zoezi la kusoma.

SemaNami_Likoni

Shukran nyote. Nimeandika sentensi za watu watano na kamba ya *aufstehen* kwa Jumatano. Maalim, habari ya imla ya mbio, unaweza kuweka mfano mmoja hapa wa kidato cha pili?

DaftariLaKijani

Huu hapa, nimeupa mambo ya *avoir*, saa, *ne… pas* na kiwakilishi:

*Amina a quinze ans. Elle habite à Likoni avec sa mère et son frère Omar. Le matin, elle se lève à six heures moins le quart. Elle n'a pas faim, mais elle a soif, alors elle boit du thé. À sept heures et demie, elle prend le bac. Son amie Fatma est là. Amina la voit et elle l'appelle. Fatma ne l'entend pas : il y a trop de monde.*

Kwenye kusahihisha angalia *son amie*, *du* kabla ya *thé* (wataiacha, maana Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo) na *la voit*. Wakiandika *voit la*, rudi ubaoni uandike a-na-mw-ona.